Maneno ya Kocha Niliyoyameza

Usinihurumie. Nilikosa kwa makusudi, akili zangu zikiwa timamu, na nasema hivyo mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Sasa naishi ughaibuni, mji wa Blacktown, na mke na watoto watatu, kazini naendesha foklifti kwenye ghala. Jumapili kanisani mimi ndiye mkalimani. Mhubiri mgeni akija na Kiingereza chake, nasimama kando yake nageuza kwa Kiswahili. Watu husema nanoga kuliko mhubiri mwenyewe! Sifa hizo zilinipanda kichwani, jamani.

Miaka sita nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya mpira ya chuo kimoja huku kwetu. Kwa kujitolea tu. Vijana karibu wote ni wetu, Wakongomani na Warundi, na wazazi wengi Kiingereza kinawapiga chenga. Kwa hiyo kila neno la chuo kwa wazazi lilipita mdomoni mwangu.

Kocha mkuu alipostaafu, nilijua ni zamu yangu. Mke wangu alishaninunulia hata filimbi mpya!

Chuo kikamleta mama wa Kizungu, nitamwita Wendy. Niliumia! Nilimpa mkono nikitabasamu, na moyoni nikasema huyu msimu haumalizi.

Mechi tatu za kwanza tulifungwa zote, nami nikafurahi. Hebu fikiria, kocha msaidizi anafurahia timu yake kufungwa! Wendy aliwakimbiza vijana kwenye baridi mpaka wakajilaza kwenye nyasi zenye umande. Nahodha alichelewa mara moja tu, akawekwa benchi. Wazazi wakanung'unika, na mimi kwenye grupu letu la simu nikamwaga petroli.

Lakini vijana walipoomba kabla ya mechi, Wendy alivua kofia, akasimama pembeni kimya mpaka wakasema amina. Hilo sikuliandika kwenye grupu.

Mechi ya nne tukashinda. Ya tano, tukashinda. Ya sita, tukashinda! Pacifique (jina si lake), kijana wa miaka kumi na tisa ambaye sisi tulimzoea pembeni, Wendy alimweka katikati, naye akafunga kila mechi. Uwanja mzima ukawa unaimba jina lake, na filimbi yangu ikazidi kukaa mfukoni.

Mechi ya saba, mpira wa kona, Pacifique na beki mmoja wakagongana vichwa. Mlio wake niliusikia nikiwa kwenye benchi. Pacifique aliinuka anacheka, anayumba kidogo. Wendy akamtoa hapo hapo, na mechi ilipoisha akaniomba nimwite mama yake.

Mama Pacifique ni mjane kutoka Uvira. Anafua mashuka kwenye nyumba ya kutunza wazee, na mtoto ni huyo mmoja tu. Alikuja na bakuli lake la sambusa mkononi.

Wendy aliongea taratibu, akimtazama mama, siyo mimi. Alisema Pacifique ameumia kichwa, si jambo la kucheka. Wiki tatu asicheze mpira popote. Akiumwa kichwa au akitapika, apelekwe hospitali bila kungoja. Mwisho akasema: nafasi yake kwenye timu nitamtunzia mimi mwenyewe.

Maneno mepesi kabisa, yangenichukua nusu dakika. Nikafungua mdomo, nikasema:

"Kocha anasema wiki tatu Pacifique hana nafasi. Kuna wengine wanangojea."

Basi! Hayo tu. Nilitaka wazazi wachemke, waandike barua chuoni, wamwondoe. Kichwa cha kijana wala sikukiwaza. Nilikiwaza changu.

"Hana nafasi?" Mama Pacifique akang'aka. "Mutoto yangu mwenye kufunga magoli yote? Huyu muzungu alikuja kutucheka!" Akamtolea Wendy maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wendy akanigeukia, akauliza anasema nini. Nikamwambia mama ana wasiwasi.

Pacifique alikuwa pale pale, ameshika barafu kwenye paji la uso. Amekulia huku, Kiingereza kwake ni maji. Alisikia cha kocha, akasikia na changu. Nilijua ananiumbua.

Akanikonyeza.

Alidhani namsaidia. Alidhani nimeficha habari ya kichwa ili mama yake asimfungie ndani. "Cheers, Uncle," akaninong'oneza, ndiyo asante yao ya huku. Bado ningeweza kusema, mama yule pale, hatua mbili. Sikusema.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na bonanza la makanisa kule Liverpool, mtaa wa huku kwetu, si ile ya Ulaya. Mama Pacifique kwa hasira aliipiga pasi jezi ya mwanawe kwa mikono yake. "Wende umuonyeshe huyo mama mupira!" Nami nilikuwepo, mtu mzima ninayejua kila kitu, nimekaa kwenye kiti cha kukunja nakula muhogo wa kukaanga.

Kipindi cha pili aliruka na kipa. Akaanguka. Safari hii hakuinuka akicheka.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini alikaa hospitalini muda mrefu, na leo anavaa miwani ya giza hata sebuleni. Mwanga unamuumiza. Akisoma nusu ukurasa anahitaji kulala. Chuo ameacha, na mpira daktari amesema asahau. Na wiki ile yote, kuanzia ile kona mpaka bonanza, imefutika kichwani mwake. Shahidi wangu pekee hakumbuki kitu! Na mimi, aibu yangu, nilipoambiwa hivyo nilipumua.

Chuo kikatuita ofisini, na mkalimani mwingine kwenye simu. Wendy akasema kwamba alimwonya mama. Mama akasema huo ni uongo, kocha alimwambia mwanawe hana nafasi. Wote wawili walisema kweli! Kisha macho yote yakanigeukia.

Nikajibu kwamba kocha alitaja wiki tatu tu, na ya kichwa mimi sikuyasikia.

Wendy hakumaliza msimu, kama nilivyotaka. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo za stoo ya mipira, akaniuliza jambo moja tu. "You did tell her, didn't you?"

Nikamwambia ndiyo, nilimwambia mama kila neno nililolisikia. Akatikisa kichwa kukubali, akaingia kwenye gari lake.

Nikawa kocha mkuu. Filimbi ikatoka mfukoni. Mechi zilizobaki tulifungwa zote isipokuwa sare moja, vijana wakicheza kama wafiwa. Wala si hilo lililoninyima usingizi. Kila Jumamosi Mama Pacifique alinijia uwanjani na chombo cha sombe ya moto, yaani kisamvu. "Papa Kocha, ni weye tu ulitutetea." Kila Jumamosi! Nilifika nayo nyumbani wakala watoto, mimi sikuionja.

Kanisani nako nikashindwa. Jumapili moja mhubiri alisema sentensi yake akaningoja, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Watu wakadhani naumwa. Nikashuka madhabahuni nikaenda kukaa kwenye gari.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Quakers Hill, nyumbani kwa kina Pacifique. Mama Pacifique alinikaribisha kwa furaha. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na kijana alikuwa chumbani amelala. Sikukaa. Nikamwambia, "Mama Pacifique, siku ile sikutafsiri alichosema kocha. Nilitunga yangu."

Nilitegemea kelele. Nilitamani hata anipige! Yeye akafuta mikono kwenye kitenge, akavuta kiti, akaketi kunikabili.

"Basi utafsiri sasa."

"Mama, nisamehe..."

"Utafsiri! Vile alisema. Usiongeze, usipunguze."

Nikatafsiri, nimesimama kama kanisani. Mwanao ameumia kichwa. Wiki tatu asicheze popote. Akiumwa kichwa au akitapika, hospitali. Nilipofika kwenye nafasi yake nitamtunzia mimi mwenyewe, akainua mkono kunizuia.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikamutukana." Akatazama sakafu. "Na jezi nikapiga pasi mimi." Kisha akasema, "Rudilia ile ya hospitali." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu.

Hakulia. Alinifungulia mlango, na nilipokuwa kizingitini akasema, "Vyombo yangu ya sombe, uvirudishe."

Nilivirudisha kesho yake, vyote, nimeviosha. Hakunikaribisha ndani. Barua ya kukiri kosa nimeipeleka chuoni pamoja na funguo na filimbi, na nyingine nimemwandikia Wendy, bado hajajibu. Kanisani wametafuta mkalimani mwingine.

Wewe unayesimama katikati ya watu wawili, mmoja hajui lugha ya mwenzake, nakuomba! Iwe hospitalini, iwe shuleni, iwe uwanjani. Neno likikuchoma, liseme lilivyo. Ukimchukia mtu, mchukie kwa mdomo wako, usimchukie kwa mdomo wake. Mimi ile nafasi niliitaka miaka sita, nikaikalia wiki saba. Pacifique, ambaye kocha aliahidi kumtunzia yake, Jumamosi anasikiliza mpira wa wengine kwenye redio, mapazia yamefungwa.