Nilipoacha Kumpa Mume Wangu Majina ya Magonjwa

Mume wangu, Baba Ruth, ameketi hapo nyuma. Ameniruhusu niseme haya.

Hadi mwisho wa mwaka 2007 tulilima viazi Molo. Alikuwa mtu wa kelele. Akijaza magunia anaimba, na wapakiaji wa lori wanamtania: "Mzee, punguza sauti, viazi vitaota kabla tufike sokoni."

Katika ghasia za baada ya uchaguzi ghala letu la viazi lilichomwa, mdogo wake akiwa ndani. Baba Ruth alizuiliwa ng'ambo ya barabara, akitazama.

Tukahamia Nakuru, chumba kimoja. Huko akaanza kutetemeka na kutapika, jasho likilowesha shati hata siku ya baridi. Nikasema ni malaria, nikamnunulia dawa. Nikasema ni presha, nikamnyima chumvi. Akina mama wa kanisa wakasema ni pepo. Tulimshika mabega tukamwombea, akatusukuma, akakimbia. Mwishowe nikamwambia wifi yangu kwa simu, "Huyu ameshikwa na wazimu." Mume wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Tangu hapo hakunisemesha.

Nilienda kliniki na daftari lenye majina hayo yote. Daktari alilisoma, akalifunga.

"Mama, majina niachie mimi. Wewe andika ulichoona. Saa ngapi, mlikuwa wapi, nini kilitangulia."

Niliandika wiki tatu. Kurasa zilifanana: jirani akichoma viazi kwenye makaa, mume wangu anatapika.

Nilimwonyesha daftari, nikamwomba msamaha. Akakubali kwenda. Daktari alizungumza naye peke yake, kisha akatueleza: ni maradhi ya mshtuko, na yanatibika. Akawa anaenda kila Jumanne. Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza, kumwomba jirani ahamishie jiko nyuma ya ploti kwa muda, na kutomgusa kabla ya kumwuliza.

"Nikushike mkono?"

"Bado."

Ilikuwa bado kwa miezi. Halafu Jumanne moja, tukitoka kliniki, aliushika wangu.

Namshukuru Mungu, na daktari yule. Wewe unayeuguza mwenzako, tazama vizuri, uliza, mpeleke kwa aliyesomea. Usimbandike jina.

Mwisho wa 2008, tukiwa tumerudi Molo, tulivuna tena. Kiazi cha kwanza alikichoma mwenyewe, vidole vikitetemeka kidogo. Akakimega, akakipuliza, akala.

"Daktari Mama Ruth, mikono inatetemeka. Huu ni ugonjwa gani?"

"Sijui. Niambie wewe."

"Njaa," akasema, akachukua kingine.