Bahari ya Nusu Siku

Mama yangu alikataa kuvua nguo nyeupe. Eda ya baba ilikwisha katikati ya baridi, mvua ya London ikinyesha ile ya rasharasha isiyo na haraka ya kuisha, na asubuhi hiyo nilimpelekea chai ya tangawizi kitandani nikamwambia kwamba leo ametoka. Alipokea kikombe, akapuliza mvuke, akasema hajatoka.

Kwetu Tanga, kwa upande wa mama, kumaliza siku ni jambo moja na kutoka ni jambo lingine. Mjane hutolewa baharini. Huingia majini na nguo zake nyeupe, humwagiwa maji, nyeupe huvuliwa hapo hapo, naye hurudi nchi kavu na doti mpya ya kanga. Na anayemmwagia maji sharti awe mjane ambaye naye alishatolewa hivyo hivyo. Mama aliyajua haya mwilini mwake. Kabla ya baba yangu aliwahi kuwa na mume mwingine aliyefariki kijana, na bibi yake ndiye aliyempeleka majini. Nilimwita shehe aje kumweleza kwamba dini haidai bahari. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamjibu kwamba dini haidai hata pilau, na pilau wanakula.

Basi akakaa. Flati yangu iko Lewisham, juu ya kelele za soko, na yeye na baba walikuwa wamehamia kwangu baba alipoanza kuugua. Mama alikuwa mtu wa kushuka kila siku kubishana na wauza mihogo. Sasa alikaa dirishani na nyeupe yake akiwatazama watu kule chini, na kwa vile hajatoka, hatoki. Chakula alikirudisha nusu. Nilichokiogopa nakisema wazi: niliogopa kwamba mama yangu atafia pale dirishani, akingoja bahari ambayo mimi sina.

Kumpandisha ndege haikuwezekana. Damu iliwahi kumganda mguuni, na daktari akakataza safari ndefu za angani. Nikasema sawa, wajane wa pwani London wamejaa, nitamtafutia wa kumtoa, na bahari tutaipata hapa hapa. Nikamleta mama mmoja wa Kiunguja kutoka Walthamstow, mtu mzima, kanga zake zimepigwa pasi. Mama akasema hamjui. Nikamleta mwingine kutoka Peckham. Huyo, akasema, anacheka mno. Nikampeleka kwenye bahari ya Waingereza, mwendo mfupi wa treni, ufukwe wa mawe matupu. Akachovya kidole cha mguu, akakitoa, akaniambia hii ni barafu iliyoyeyuka ikanuna. Siku hiyo nilikasirika kweli. Tulirudi Lewisham kwa treni iliyofuata.

Lazima niseme kwamba mjane mwingine alikuwamo ndani ya flati ile, naye ni mimi. Mume wangu alifariki kabla wazazi wangu hawajaja London. Mimi ni mtangazaji kwenye stesheni moja ya treni kusini mwa jiji; ile sauti inayowaomba radhi kwa kuchelewa ndiyo yangu. Tulimzika, kazini wakanipa siku zao chache, zilipokwisha nikarudi kwenye kipaza sauti. Sikukaa eda, sikuvaa nyeupe, bahari hata sikuifikiria. Treni zilikuwepo, nikazitangaza. Wenzangu walinisifu kwamba sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, nami nikaona ni sifa. Kwa hiyo kwa sheria ya mama mimi nilikuwa mjane nisiyefaa kumtoa mtu, na jambo hilo hatukulizungumza.

Binti yangu ndiye aliyelikata shauri. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila ulimi wake una njia zake. Alitukuta tumenuniana jikoni, akaweka begi chini.

"Mum, Bibi anataka sea, si ndiyo? Ndege hapana, fine. So mpandishe meli."

Akakaa kwenye kompyuta yake. Ilikuwepo meli ya watalii inayoondoka Uingereza yenyewe hadi visiwa vya Wagiriki, bila ndege hata moja. Na kwenye kisiwa kimojawapo mtu angeweza kukodi safari ya faragha ya nusu siku: gari na dereva wake, ufukwe mtulivu, kisha kurudishwa melini. Picha ilionyesha mchanga na maji tu, hakuna mtu hata wa dawa. Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama na mimi nitakwenda, au nitamtuma na mjukuu. Nikasema nitakwenda mimi. Usiku ule chakula alikimaliza.

Siku za melini sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka sakafu iliyokuwa ikipumua, mazulia marefu, wazee wa Kiingereza wamelala kwenye viti mchana kutwa na vitabu vimewafunika nyuso. Mama alipita katikati yao na dera lake jeupe, na watu walimpisha kana kwamba ameagizwa mahali. Maji yalikuwa ya kijivu, yakawa ya kijani, asubuhi moja tukaamka ni buluu kiasi kwamba nilidhani macho yangu yana kasoro. Mimi ambaye maisha yangu ni dakika, nilianza kusahau leo ni siku gani. Mama alisimama kwenye reli akaivuta ile hewa. Akasema chumvi imeanza kurudi.

Kisiwa kilitokea kama kitu kilichowekwa mezani wakati tumelala. Kilima kikavu, nyumba nyeupe, kengele ikilia mbali. Dereva alitungoja bandarini, mwanamume wa makamo mwenye masharubu na gari safi, akamfungulia mama mlango kwa heshima. Tulipita mizeituni, mbuzi, vikanisa vidogo kama mabanda ya kuku yaliyopakwa chokaa. Kwenye mfuko wake mama alikuwa na doti mpya, chupa ya marashi ya mawaridi, na bakuli ya plastiki ya jikoni kwangu, ile ya kuoshea mchele. Joto liliingia dirishani na harufu ya majani makavu, nikasinzia, nikaota nipo kwenye gari napelekwa baharini.

Niliamshwa na ngoma. Ufukwe wa kwenye picha ulikuwepo, lakini picha ilipigwa siku ambayo dunia nzima ilikuwa imelala. Miavuli safu kwa safu, vipaza sauti, wanaume wenye vitambaa vya kubania kiunoni, wasichana wamelala kifudifudi wakiiva. Safari ilikuwa ya faragha kwa maana ya gari. Bahari ilikuwa ya wote.

Mama alitazama mara moja akarudisha macho ndani ya gari. Akaweka mfuko mapajani, akaukumbatia. Mimi nikashuka nikaanza kugomba. Nilimwambia dereva kwa sauti yangu ya stesheni kwamba tuliahidiwa utulivu, kwamba mama yangu hawezi kuingia majini mbele ya wanaume hawa, kwamba tumetoka mwisho wa dunia kwa ajili ya maji haya na meli haitatungoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, mama amefiwa na nani? Nilishangaa amejuaje. Akaonyesha kwa kidole nguo za mama, halafu akashika kola ya shati lake akasema kwamba kwao mama yake huvaa nyeusi.

Akaturudisha barabarani, akakata kona kwenye njia ya vumbi, gari likashuka taratibu mpaka mahali ambapo miamba ilikumbatia kidimbwi cha bahari. Hapakuwa na mwavuli. Palikuwa na mti kama mvinje, wenye majani membamba kama nywele, na kwenye matawi yake zilitundikwa gauni nyeusi, nne au tano, zikipigwa na upepo mwepesi. Na ndani ya maji walisimama wanawake vikongwe. Maji yaliwafika kifuani, kofia za nyasi vichwani, wakipiga soga kama walio sebuleni. Dereva aliita jina ambalo sikulishika, kikongwe mmoja akageuka, wakasemezana kwa lugha yao. Halafu dereva akarudi kwenye gari, akaligeuza mpaka likaelekea mlimani, akakaa humo ametupa kisogo.

Mama alizitazama zile gauni nyeusi kwenye mti. Akaigusa moja upindo, kama anayepima kitambaa dukani.

"Kumbe wajane ni watu wa kila mahali," akasema, akavua kandambili.

Tukaingia. Maji hayakuwa moto wala baridi. Yalikuwa kana kwamba mtu ametangulia kuyajaribu kwa kiwiko. Dera la mama lilijaa hewa likamzunguka, akawa kama ua kubwa linaloelea, nami nilimshika mkono asije akateleza. Wale vikongwe wakatugeukia. Mama alikunjua kanga moja ya ile doti mpya, akanyoosha ncha mbili kuelekea kwao, na wao, bila kuelezwa, wakaja. Mmoja akashika huku, mwingine kule, wakaiinua ikawa pazia kati yetu na dunia, wao wenyewe wameangalia pembeni. Jua lilipita kwenye kanga likatugeuza rangi ya chungwa.

Nikaichukua bakuli. Nilishaamua. Sheria isiseme chochote, hapa hakuna mwingine, nitamtoa mama yangu hivi hivi na Mungu atanisamehe. Nikachota.

Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Hujatoka wewe. Utanitoaje?"

Nikamwambia kwa ukali kwamba basi tulikuja kufanya nini huku. Kwamba nimemletea wajane akawakataa, nimemletea bahari akaikataa, sasa ipo hii, na saa zinakwenda.

"Wale wa London wangenitoa mimi peke yangu," akasema. "Nikuache humo ndani na nani?"

Sikuelewa. Au sikutaka kuelewa. Aliichukua bakuli mkononi mwangu taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Mimi nilishatolewa na bibi yangu. Naweza kumtoa mtu. Ningekwambia kule Lewisham ungeniambia una shifti. Inama."

Nikainama. Maji ya kwanza yalinishukia utosini, yakaingia masikioni, na kwa muda sikusikia kitu chochote ila moyo wangu. Ya pili bega la kulia. Alikuwa akisema maneno chini kwa chini, nusu dua na nusu Kiswahili cha kwao kijijini, na kati yake nikasikia jina la mume wangu, ambalo hakuna mtu aliyelitaja mbele yangu kwa miaka. Alilitamka vizuri, kwa kituo, kama mtu anayemwita akaribie.

"Muage," akasema. "Hujamuaga huyu. Ulikimbilia kutangaza treni."

Nililia. Nasema nililia, wala si machozi. Ilikuwa sauti, ilitoka tumboni, mbovu, haina heshima, sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Nililia kwa ajili ya viatu vyake nilivyovipeleka kwenye duka la hisani vikiwa vimefungwa kamba. Nililia kwa treni zote. Pazia la kanga halikutikisika. Kikongwe mmoja nyuma yake alianza kuimba kitu cha pole pole, au labda alikuwa akiongea tu, lugha yao sijui. Mama alinishika kichwa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamwaga ya tatu kwenye bega la kushoto. Halafu akaniacha nimalize. Meli ilipiga honi mbali sana. Hakuna aliyeijali, hata mimi.

Nilipoweza kusimama, alinifuta uso kwa kiganja kilichojaa chumvi, ikawa bure. Kwenye mwanga ule wa chungwa nilimwona jinsi alivyokonda, jinsi nyeupe ilivyomchosha, na kwamba miezi yote ile pale dirishani hakuwa akiisubiri bahari. Alikuwa akinisubiri mimi, kama mtu aliyefika mlangoni akakataa kuingia mpaka mwenzake afike.

Akanirudishia bakuli.

"Haya, umetoka," akasema mama yangu, akafumba macho na kuinamisha kichwa. "Sasa nitoe na mimi."

Nikachota maji, bakuli nimeishika kwa mikono miwili, yakatetemeka, lakini hayakumwagika.