Seva Iliyomchelewesha Mama

Mama hakuwahi kuamini kwamba nina kazi. Kwake fundi ni mtu aliye pale penye kitu kilichoharibika, mikono imejaa grisi, si mtu mzima anayekaa sebuleni kwetu Dunga akiwa na kaptura akibonyeza laptopu. Nilimweleza mara nyingi kwamba mashine ninazotunza ziko mbali, na kwamba naziingia kwa SSH, njia ya siri ya kuandika amri hapa ikatekelezwa kule. Aliniitikia vile anavyoitikia mahubiri marefu.

Mashine mojawapo ilikuwa ya kliniki ya mjini, Mama alikotibiwa presha. Seva yake, programu kuu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, ilibeba kila kitu: kadi za wagonjwa, majibu ya maabara, foleni ya daktari. Jumatano moja asubuhi watu wa mapokezi walinipigia kulalamika kwamba inajikokota. Nikawajibu, kwa ule ujuaji wangu, kwamba ni kazi ya dakika mbili: naizima, naiwasha. Mama alikuwa ameniambia anakwenda huko huko, maana kizunguzungu kilimsumbua tangu Jumapili. Nilimwitikia bila kumsikia.

Nikaiamuru seva izime. Ikaacha kupokea watu, lakini haikuzima. Niliposoma kumbukumbu zake nikaona bado inaandika majibu ya maabara ya asubuhi ile, moja moja, polepole. Simu ikalia.

"Nyathina, mwanangu," Mama akasema, "hapa mashine imekufa. Daktari anatoka saa sita, na mbele yangu kuko watu tano."

Hapo ndipo nikakumbuka aliniaga anakwenda kliniki. "Ngoja kidogo tu, Mama."

"Kungoja nimengoja! Hao watu wa kompyuta hawana mama?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ipo amri ya kuiua seva papo hapo, bila kuisubiri imalize, na nimeitumia mara nyingi pasipo kufikiri. Niliiandika, ikabaki kubonyeza tu. Lakini majibu ambayo hayajaandikwa yangepotea, na watu waliokwisha kutolewa damu wangerudi kutolewa tena. Sikuwajua hao watu. Mama nilimjua, na nasema ukweli, nilitaka kubonyeza. Nikaifuta amri ile, nikakaa nikitazama mistari ikipanda, machozi yakinilengalenga kama mtoto aliyechapwa.

Ilizima yenyewe saa tano na nusu ikiwa imepita. Nikaiwasha, ikaamka vizuri. Daktari akaona watu wanne, akaondoka.

Mama alirudi mchana, akajitupa kitini bila hata kuuliza chakula. Nikamwambia yote: kwamba yule mtu wa kompyuta ni mimi, na kwamba ningeweza kumwahisha nikakataa. Nikamwambia na sababu.

"Kulikuwa na msichana hapo kwa foleni," akasema, "ako na mimba, analia juu ya majibu yake. Alipata?"

"Yote yalipatikana, Mama."

"Basi." Akavua viatu, akanyoosha miguu. "Daktari anarudi Ijumaa. Wewe ndiye unanipeleka. Na ukae na mimi kwa foleni mpaka niitwe, hiyo laptopu uache hapa."