Ugali wa Ngumi Moja

Mimi napendwa na watu, nasema ukweli. Nikifika Mollo kwa kaka yangu, anakokaa mama yetu, watoto wananikimbilia na mama anaanza kucheka kabla sijavua viatu. Siendi mikono mitupu hata siku moja: maandazi, soda, togwa yenye sukari ya kutosha. Kwa kuwa sigombani na mtu wala sauti yangu haipandi, nilijihesabu mtu wa kiasi. Nilidhani kupendeza na kuwa na kiasi ni kitu kimoja.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa Mbeya, na ule uso wake usiocheka, jamani! Mama alipogundulika ana kisukari, nesi alisema ugali wake usizidi ngumi yake. Basi kila mlo wifi anamwambia, "Mama, ngumi." Mama anakunja ngumi, wifi anamega ugali wa ulezi sawasawa na ngumi ile, anajaza mboga za majani, imetoka hiyo. Mama akinung'unika, anaongezewa mboga.

Roho iliniuma. Mama aliyetulea kwa jembe, leo anapimiwa chakula! Nikawa namletea soda nimezificha ndani ya kitenge, anakunywa chumbani tunacheka. Siku moja wifi akaziona chupa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wifi, unamfurahisha, lakini unamuumiza." Mimi nisiyegombana nikamwita mchoyo mbele ya watoto wake.

Haukupita muda mrefu, kidole cha mguu wa mama kikatoka kidonda, kikagoma kupona. Akalazwa mjini. Daktari akatuambia wazi kwamba mguu unaweza kukatwa. Niliogopa, nikaenda kulia chooni, maana soda zile nilizileta mimi. Nilikuwa nimeshindwa kusema "basi" kwa sababu nilipenda kuchekewa.

Mungu saidia, kidonda kikaanza kufunga. Siku ya kuruhusiwa nikawahi kusema, "Mama anakuja kwangu, ni karibu na hospitali." Wifi aliendelea kukunja blanketi.

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, kwako nitafurahi sana. Lakini mguu wangu bado nautaka. Acha niende na huyu."

Hakusema kwa hasira. Nikachukua mfuko wa nguo zake, nikamkabidhi wifi.