Mama Tuli apanga shahada yake kwenye vioo vya dirisha

Ni muhula uliopita, saa tatu asubuhi, na mguu wa kushoto wa Mama Tuli umeshakufa ganzi.

Ameketi kwenye kiti cha mbao, juu ya jukwaa dogo katikati ya studio ya kuchorea. Mikono iko mapajani, kidevu kimeinuka kidogo, macho yako dirishani. Wanafunzi wamemzunguka na mbao zao za kuchorea, na kinachosikika ni mkaa tu unavyokwaruza karatasi. Nzi anatua kwenye paji la uso wake, anatembea, anasita, anaondoka zake. Mama Tuli hatikisiki.

Ungedhani amelala macho wazi. La hasha! Huenda ndiye mwenye shughuli nyingi kuliko wote humo ndani, maana anapanga masomo yake ya shahada.

Dirisha analolitazama ni kubwa, la vioo vidogovidogo vilivyopangwa kwa safu. Kwake yeye kila safu ni muhula na kila kioo ni somo. Historia ya Sanaa iko kule juu, kwenye kioo chenye tone la rangi nyeupe. Nadharia ya Rangi iko jirani yake. Ufinyanzi ameuweka upande jua linakoingia mapema, "maana udongo unataka kukauka." Uchapaji wa picha ameuhamisha mara nyingi hata hakumbuki jana aliuacha wapi. Kioo kimoja kilivunjika zamani kikazibwa kwa ubao, na hapo hapangi kitu.

"Karatasi ya ratiba nimepewa, ipo nyumbani," anasema wakati wa mapumziko, akiusugua mguu wake urudi duniani. "Lakini hapa kitini siwezi kushika kalamu. Basi nikajifunza kupanga kwa macho. Wingu likipita naona miaka yangu yote imeingia kivulini, kisha taratibu inarudi kung'aa. Raha sana, mwanangu, we acha tu."

Mama Tuli, jina alilopewa na wanafunzi, ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kazi yake ni kuchorwa. Anakaa na gauni lake na shali mabegani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, na vijana wa mwaka wa kwanza wanajifunzia kwake bega linavyoshuka na shingo inavyogeuka. Amefanya kazi hiyo mwaka wa tisa sasa, baada ya duka alilokuwa akiuza vitambaa kufungwa.

Ni kazi nyepesi kwa asiyeijua. Mwandishi wa makala haya aliomba kukijaribu kiti hicho, na pua ikaanza kuwasha kabla hajakaa sawasawa.

"Wifi yangu ananicheka mpaka leo," anasema. "Ati wenzio wanahangaika na kazi za kusimama, wewe umepata ya kukaa, na bado unarudi umechoka! Nikamwambia, wifi, karibu, uje ukae robo saa tu bila kusema neno. Hajaja."

Hakuanza na ndoto yoyote ya usomi. Mwanzoni, anasema, sauti ya mwalimu ilikuwa inapita juu ya kichwa chake kama redio ya jirani. Siku moja akajikuta jikoni, birika mkononi, chai inapoa, anatafuta kivuli cha birika kinaanzia wapi.

"Nikasema haya, nimeambukizwa."

Akafanya mtihani wa kujiunga wa watu wazima, akafaulu, akaandikishwa shahada ya kwanza ya sanaa za studio. Anachukua masomo machache kila muhula ili kazi isimponyoke. Kwa mwendo huo, ameshapiga hesabu dirishani, atahitimu karibu na miaka hamsini.

"Watu wananiambia utazeeka. Kwani nisiposoma sitazeeka?"

Lakini ipo hesabu moja iliyogoma kukaa kwenye kioo chochote.

Mshauri wa masomo wa idara, binti mwenye miwani mikubwa ambaye Mama Tuli angeweza kumzaa, ndiye aliyemfungua macho. Ofisi yake ni ndogo, ina kabati la chuma na viti viwili visivyofanana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo tumalize hili jambo."

Binti akaeleza polepole. Masomo yaliyokuwa wazi kwa Mama Tuli, ya historia na ya rangi, ameshayamaliza. Yaliyobaki, uchapaji, uchongaji, uchoraji wa rangi za mafuta na hata onyesho la mwisho, yote yanadai kwanza mtu awe amefaulu Mchoro wa Kwanza. Somo hilo hutolewa mara moja kwa mwaka, Jumanne na Alhamisi asubuhi, katika studio ileile, na mwalimu yuleyule. Na anayekaa kitini saa hizo kuchorwa ni Mama Tuli mwenyewe.

"Sasa mnataka nijichore kwa kioo?" akauliza.

Binti akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu kulikuwa na kanuni. Asiyefaulu Mchoro wa Kwanza ndani ya miaka mitatu ya kuandikishwa, nafasi yake inafutwa. Mwaka unaokuja ulikuwa wa tatu.

Miwili iliyotangulia ilikwenda wapi? Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Mkaa.

Mwalimu Mkaa, ndivyo wanafunzi wanavyomwita kwa vidole vyake visivyotakata, amefundisha kuchora tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Anampenda Mama Tuli, na hilo hakuna anayelikataa. Kila mwaka Mama Tuli alipoomba kushuka kitini akajiunge na darasa, mwalimu alimjibu kwa upole: subiri mwakani, mama, bado sijapata wa kukaa badala yako. Naye akasubiri. Mwaka wa pili jibu likawa lilelile, kwa upole uleule.

"Sikuweza kumkasirikia," anasema. "Mtu akikuomba vizuri unajiona wewe ndiye mbaya. Lakini usiku sikuwa nalala. Nilikuwa natazama dari, dari yetu haina hata vioo."

Mambo yalipasuka Alhamisi moja mwishoni mwa muhula uliopita. Mwalimu Mkaa alikuwa na mgeni kutoka chuo kingine, anamtembeza studioni huku wanafunzi wakichora. Akamwonyesha Mama Tuli kwa kidevu. "Na huyu ndiye nguzo yetu. Mwakani pia tuko naye, Mungu akipenda."

Mama Tuli akageuza kichwa.

Msomaji huenda asione kitu hapo. Lakini walioshuhudia wanasema studio nzima ilishtuka kama wameona sanamu ikipiga chafya. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusogea kabla ya kuambiwa apumzike. Mwanafunzi mmoja aliangusha mkaa wake. Mwingine akasema "Aah, mama!" maana alikuwa amebakiza pua tu.

"Mwakani simo, mwalimu," akasema kutoka pale juu. "Mwakani nachora."

Kisha akarudisha kichwa mahali pake, kidevu juu, macho dirishani, akaendelea kukaa hadi kipindi kikaisha.

"Moyo ulikuwa unadunda mpaka nikaogopa utaonekana kwenye michoro yao," anakumbuka.

Mwalimu Mkaa alimfuata nje akiwa amefura. Nani atakaa? Vijana wachore kiti kitupu? Mama Tuli akamjibu kwamba yeye naye aliokotwa kutoka duka la vitambaa, hakuzaliwa kitini. Mwalimu akatoa leso mfukoni. Alipomaliza kujifuta vidole kwa leso isiyosaidia kitu, alisema jambo alilolirudia mbele ya mwandishi huyu bila kuona haya.

"Nilikuwa naliogopea darasa langu, simwogopei yeye. Nilijua nafasi yake ina mwisho, nikajifanya sijui. Nilikosea, na nimemwomba radhi. Lakini wa kukaa sikuwa naye, na chuo hakinipi ruhusa ya kufundisha bila mtu kitini."

Basi Mama Tuli akarudi nyumbani na ushindi ulioning'inia. Na nyumbani kuna mumewe, kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye majirani wanamwita Redio. Jina halihitaji maelezo. Huyu bwana husalimia mpaka wapita njia wa upande wa pili wa barabara, na mteja wake huondoka amenyolewa nywele na amejua habari za mtaa mzima.

"Alinisikiliza, kitu ambacho si kawaida yake," anasema mkewe. "Kisha akasema, mama watoto, nitakaa mimi."

"Wewe? Utaweza kunyamaza?"

"Jumanne na Alhamisi asubuhi sina wateja wengi. Na ujira wa kile kiti usitoke nyumbani. Ufalme haupewi wageni."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Redio hakucheka. Hapo akajua mumewe amekusudia.

Jumanne ya kwanza ya muhula huu, mwandishi alikuwepo. Asubuhi ilikuwa na ukungu, na mwanga ulioingia studioni ulikuwa laini, kana kwamba siku haijaamua kuanza. Mama Tuli alisimama nyuma ya ubao wake kati ya vijana wa miaka kumi na tisa, aproni mpya kiunoni, mkaa umeshikwa kama kijiko. Alikuwa anaona kwa mara ya kwanza jinsi kiti kile kinavyoonekana kutoka upande huu.

Redio akapanda jukwaani na shati lake la sherehe. Akasalimia darasa. Akauliza kama madirisha yale hupitisha baridi. Akakuna shingo, akamsifu kijana mmoja kwa nywele zake, akauliza kanyolewa wapi.

"Mzee, tulia," akasema Mwalimu Mkaa.

"Hayo ndiyo maneno yangu kwa wateja!" akajibu Redio, na darasa likaangua kicheko.

Mama Tuli hakucheka. Alikuwa ametokwa jasho. Mtu huyu asipotulia, mwalimu atamrudisha nani kitini? Kila mtu aliyekuwemo alilijua jibu. Akamtazama mumewe, naye mumewe akauona uso ule. Akafunga mdomo. Akaweka mikono mapajani, na kidogokidogo mabega yakashuka, pumzi ikatulia, studio ikawa kimya kabisa.

Na hapo mkewe akagundua kwamba hajui kuchora.

"Masikio yangu yana shahada, mkono uko chekechea," anasema. "Maneno ya mwalimu nayajua yote, naweza hata kumkumbusha akisahau. Lakini mstari wangu wa kwanza ulitoka kama kamba ya kuanikia nguo. Nikafuta. Nikachora tena, kamba. Nikaona aibu, nusura niombe nirudi kukaa."

Badala yake akaendelea kutazama. Akaanza na sikio la kulia, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Akaona ncha yake ina kikovu kidogo asichowahi kukijua. Akashuka shingoni. Akafika begani, akaona bega la kulia liko chini kuliko la kushoto, limechoka kwa miaka ya kuinua mashine juu ya vichwa vya watu.

"Nimeishi naye miaka ishirini. Nimempikia, nimemuuguza, tumegombana, tumepatana. Sijawahi kumtazama saa nzima. Nani ana muda huo? Nikasema kumbe ndiye huyu. Nilimpenda upya, mwanangu, nisikufiche. Machozi yalinitoka nikasingizia vumbi la mkaa."

Na Redio? Aliulizwa uani wakati wa mapumziko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya hadhara alichelewa kujibu.

"Kwangu pale dukani kila mtu anajitazama mwenyewe kwenye kioo," alisema hatimaye. "Kinyozi nani anamtazama? Leo nimekaa pale, nikahisi macho ya mke wangu hapa begani. Sikutaka kusogea. Niliogopa ataacha."

Mwalimu Mkaa amemkubali, kwa sharti la kutosalimia darasa zaidi ya mara moja. Mshauri wa masomo ameijaza ratiba hadi mwisho na kuigonga muhuri. Mama Tuli atafanya Mchoro wa Kwanza muhula huu, wa Pili ujao, kisha uchapaji, ufinyanzi na uchongaji, somo moja au mawili kwa wakati, mpaka onyesho la mwisho. Anasema onyesho hilo litakuwa la watu waliokaa: mlinzi getini, mshonaji kwenye cherehani, mama anayesubiri zamu hospitalini. Anataka watu wa namna hiyo watazamwe, hata kama itamchukua muda.

"Sina haraka. Kukaa kumenifunza hilo."

Siku ile ya kwanza, kipindi kilipokwisha, Redio alishuka jukwaani akichechemea kwa ganzi, akaenda moja kwa moja nyuma ya ubao wa mkewe. Kwenye karatasi kubwa nyeupe kulikuwa na sikio moja, kipande cha shingo, na bega la kulia lililoshuka. Kwingine kote kulikuwa kutupu.

Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama watoto," akauliza, "na mimi niliyebaki niko wapi?"

Mkewe akapuliza vumbi la mkaa kutoka kwenye karatasi.

"Muhula ujao," akasema.