Paa Safi la Orrin Pominville

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na wasio nayo waandikiwe barua, kwamba siku ya Jumatano heshima ya wilaya nzima, pamoja na ya baa pekee ya kijiji cha Widrick Corners, iliwekwa juu ya rula moja ya mbao iliyoliwa ncha na mbwa. Mshika rula, Mheshimiwa Verna Lyndaker, mjane wa miaka sitini na tisa, mfugaji mstaafu wa ng'ombe wa maziwa na mpima theluji wa kujitolea kwa mwaka wa thelathini na moja, alikuwa jikoni wakati huo, amevaa soksi zisizofanana, anakaanga soseji.

Theluji ilianza Jumanne jioni. Upepo wa magharibi ulivuka Ziwa Ontario, ukanyonya mvuke njia nzima, na ulipokutana na mwinuko wa Tug Hill ukautua mzigo wote hapo hapo, kama mlevi anayetapika mlangoni kwa mtu asiyemjua. Lowville, mji ulio mwendo wa nusu saa kwa gari, jua lilikuwa linawaka na watu wanalalamika kwamba linawaumiza macho. Widrick Corners hawakuwa wameona sanduku lao la barua tangu alfajiri.

Verna alipima kila baada ya saa sita: anachomeka rula kwenye ubao mweupe uani, anaandika, anaufagia ubao, anaondoka. Kipimo kilichobaki kilikuwa cha saa saba mchana. Zikipatikana inchi nyingine kumi na mbili tu, rekodi ya siku moja inahama kutoka kijiji cha jirani, kijiji ambacho watu wake wana majivuno kana kwamba theluji waliifinyanga wenyewe. Akichelewa, theluji inajishindilia, na ofisi ya hali ya hewa inaifuta siku nzima.

"Verna, usituangushe," Duane Zehr, mkuu wa zimamoto wa kujitolea, alimwambia kwa redio ya upepo. "Watu wako baa tangu asubuhi."

"Wako baa tangu mwaka jana, Duane."

Saa saba kasorobo alimpigia simu Orrin Pominville, jirani wa ng'ambo ya barabara. Tangu mkewe Orrin afariki, Verna humpigia kila mchana. Hazungumzi naye lolote la maana. Anahakikisha tu kwamba bado yupo wa kubishana naye.

"Umeliona paa langu?" Orrin akaanza, bila hata salamu. "Nimelisafisha lote. Miaka sabini na nne, mama! Lako limelemewa kama ngamia."

Verna alichungulia. Theluji ilipofifia kidogo aliliona: paa jeusi, safi, la kujionyesha.

"Kichwa tu ndicho kinaniuma," Orrin akaendelea. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Na usingizi. Mafua, nadhani, Lucille."

Lucille ni mkewe, yule marehemu. Verna akaondoa kikaango motoni.

"Orrin, theluji ya paani umeitupa wapi?"

"Chini. Ulitaka niitupe juu?"

"Upande gani?"

"Upande wa jikoni. Hee, mwanamke, unataka kuinunua?"

Upande wa jikoni ndiko linakotokea bomba la moshi wa tanuru la kupasha nyumba joto, usawa wa goti. Kila mtu huku anajua kulifukua bomba lake kila baada ya saa mbili, maana likizibwa, moshi wa sumu hurudi ndani. Orrin naye anajua. Lakini mtu akishashuka kwenye paa safi kama lile, haangalii tena chini.

"Kengele yako ya hewa ya sumu inalia?"

"Ile? Ilinipigia kelele nikikaanga bekoni. Betri nimeipeleka kwenye rimoti."

"Toka nje, Orrin. Sasa hivi. Tambaa ukibidi."

"Nitatoka. Ngoja nijilaze kidogo."

Kisha kishindo cha simu kuanguka sakafuni, halafu sauti ya televisheni, watu wakicheka.

Verna alipomwita redioni, Duane alisema atafika baada ya dakika arobaini, maana hata greda la kukwangua barabara lilikuwa limezama. "Na Verna, saa saba inakaribia, usisahau..."

Verna alikuwa ameshaitupa redio kitandani. Mlango wa chini ulizikwa tangu usiku, kwa hiyo alitokea dirishani ghorofani, kama alivyofanya asubuhi kwenda kupima, viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji vimefungwa juu ya soksi zile zile, koleo mgongoni, kamba ya kuanikia nguo kiunoni, ncha yake imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Mpaka kwa Orrin ni hatua tisini. Alizihesabu, na hapo ndipo penye tatizo: alipofika tisini hakukuwa na nyumba. Mia na kumi, weupe mtupu. Alisimama. Mtu hufa hivi, akawaza, uani kwake mwenyewe, na wanamkuta mwezi wa nne. Akageukia kushoto bila sababu yoyote ya kisayansi, akagonga ukuta kwa paji la uso.

Alimkuta Orrin kwenye zulia la jikoni, uso mwekundu kama mtu aliyetoka ufukweni. Alizima tanuru, akaacha mlango wazi, akashika zulia kwa mikono miwili, akalivuta na mtu wake mpaka barazani. Kilo zake tisini zilikuwa za mtu asiyetaka kusaidia.

"Orrin. Pumua. Orrin!"

Alimzaba kofi. Akamzaba la pili, na hilo, kusema kweli, lilikuwa na deni la miaka kadhaa ndani yake. Theluji ilianza kujaa kwenye nyusi za mzee na haikuyeyuka haraka kama Verna alivyotaka. Alimpulizia pumzi mdomoni, mara mbili, mara tano, akaacha kuhesabu.

Orrin akakohoa. Akatapika kwenye soksi zisizofanana. Akafumbua jicho moja.

"Lucille, funga mlango. Unapasha moto wilaya nzima."

"Lucille amekufa, Orrin. Mimi ni Verna."

"Basi, Verna, funga mlango."

Alimkumbatia huku anamtukana, akimsugua mikono, akimwuliza jina la rais, siku ya leo, jina la mbwa wake. Rais alimkosea. Mbwa alimpatia. Duane alipofika na pikipiki ya theluji na mtungi wa oksijeni, Verna alikuwa bado anamwuliza.

Walimfunga Orrin barakoa. Rangi yake ikaanza kurudi ya kawaida, ile ya viazi. Duane akavua kofia, akasogeza redio mdomoni mwa Verna kwa adabu zote. Nyuma ya mikwaruzo zilisikika sauti za baa nzima zikinyamazishana.

"Verna Lyndaker," alisema, "kijiji kinakusikiliza, ofisi ya hali ya hewa iko kwenye laini. Tumeivunja rekodi, au hatukuivunja?"

"Sijui. Sikupima."