Uhakiki wa Kompyuta ya Grégoire

Grégoire wa Kashojwa, kambi ya wakimbizi huko Uganda, ni mkulima wa maharagwe, ni shemasi, na ndiye mtu pekee mtaani kwake mwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe kuukuu, nzito kuamka kuliko mlevi. Alhamisi moja aliibeba hadi Mbarara kwa fundi, kwa sababu Jumapili iliyofuata saa tisa mama yake, Nyirabizimana, angeketi mbele ya simu ya jirani huko kwao Uvira ili waonane kwa video. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja, na simu iliazimwa kwa nusu saa tu.

Fundi Tumwine aliiwasha akacheka.

"Mzee, ndani huku iko watu mingi. Hapana kazi, nakula tu nguvu ya mashine. Wewe funga hao, itakimbia."

Akamwonyesha orodha ya programu zinazojiendesha chinichini: majina arobaini na saba, na kando ya kila jina kiasi linachokula.

Mwingine angezifunga palepale. Grégoire hakuweza. Yeye mwenyewe aliwahi kufutwa kwenye orodha ya chakula cha wakimbizi kwa kuwa siku ya uhakiki wa alama za vidole alikuwa hospitali na mkewe, na kurudishwa kulichukua miezi minne. Aliapa hatafuta jina la yeyote bila kumsikiliza. Programu si mtu, sawa; lakini kwake orodha ni orodha.

Basi Jumamosi akafanya uhakiki mezani kwake, mkewe Orpa akiwa karani.

"Huyu anasaidia printa," Grégoire akasoma.

"Printa iko wapi?"

"Hatuna."

"Sasa anasaidia nani?"

"Pengine anangojea ifike. Na sisi tunangojea bintu mingi. Andika: abakie."

Akabakia wa mchezo ambao hakuna aliyeucheza. Akabakia na wa hali ya hewa, aliyetangaza mvua ya Kampala kila asubuhi. Hadi jioni hakufungwa hata mmoja, ila wanne walipewa onyo.

Jumapili saa tisa mama akatokea kwenye kioo, amezeeka, kitambaa chekundu kichwani. Akafungua kinywa kusema, akaganda hivyo hivyo. Dakika zikayoyoma, kinywa wazi.

"Shemasi, chagua: mama ao printa!" Orpa akafoka.

Grégoire akafungua orodha, akamtafuta anayekula kuliko wote, akamfunga bila hata kumsikiliza. Mama akapotea. Kumbe mlaji mkubwa alikuwa programu ya video, ndiye aliyekuwa amembeba mama.

Iliuma, iliuma kweli. Akafunga wa printa, wa mchezo, wa mvua, akiwaomba msamaha mmoja mmoja, kisha akapiga upya.

"Ulienda wapi?" mama akauliza, sauti safi kabisa.

"Nilikosa, mama. Nilikutosha ku liste, nikakufuta."

Nyirabizimana alikijua vizuri kisa cha ile miezi minne.

"Na kunirudisha ilikamata siku ngapi?"

"Dakika mbili, mama."

"Basi biro yako iko ofisi muzuri kupita ya wale ba chakula."

Zilikuwa zimebaki dakika tisa. Wakazila zote.